Gramu Kumi na Saba

"Hivi jamani, na baiskeli nayo ina kadi ya kliniki?"

Swali hilo aliliuliza nesi mstaafu, jirani wa karakana, siku ya Ijumaa, nguo mbichi begani na vibanio mkononi. Alichungulia juu ya ukuta akaona mtu mwenye koti la bluu ameining'iniza baiskeli kwenye mizani ya ndoano, aina ileile aliyowapimia watoto wa watu kwa miaka thelathini na miwili, akaona utani kama huo hauachwi upite. Aliyeulizwa hakugeuka. Aliinua mkono mmoja kama anayefukuza nzi, akaendelea kusoma mzani.

Jumanne asubuhi nesi alimsimulia Inspekta habari hiyo, wamesimama kwenye ukuta huohuo, akacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Inspekta hakucheka. Alifungua daftari.

"Una hakika ilikuwa Ijumaa?"

"Mwanangu, tangu nistaafu mimi nafua Ijumaa asubuhi. Siku nyingine mgongo hautaki."

"Na koti lilikuwa la fundi?"

"La fundi, na kofia ya fundi. Sura sikuiona, alinipa mgongo."

"Huwa anakunyamazia?"

"Nani, yule?" Nesi alibana shuka kwenye kamba. "Yule ukimpa neno moja anakurudishia matatu na chenji. Siku ile nikasema basi, labda ana mawazo. Mtu akiwa na mawazo hata salamu humshinda."

Inspekta aliandika neno moja: *Alinyamaza*. Akalipigia mstari.

Kituoni walimwita Kobe, naye alilijua jina hilo na hakulikataa. Kobe hafiki mapema, lakini akifika huwa amefika na nyumba yake yote. Asubuhi hiyo ndani ya mkoba wake mlikuwa na jalada lililokwisha iva, na bosi wake alitaka liwe mezani kwa mwendesha mashtaka saa kumi jioni.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi, kwenye mbio za baiskeli za porini, msichana ambaye wenzake walimwita Swala alikuwa anashuka korongo la mawe, wa pili kati ya wote, baiskeli ilipofumuka chini yake. Bolti kuu ya nyuma ilikatika. Swala alirushwa, nyonga ikavunjika. Baiskeli ilikuwa mpya, imejengwa na fundi mmoja kwa miezi mitano. Kitabu cha fundi kilisema bolti hiyo ni ya chuma cha pua. Maabara ilisema ni ya alumini laini, isiyofaa kubeba hata mlango wa kabati. Na Jumatatu fundi mwenyewe alifika kituoni, akakaa, akasema: "Niliiweka mimi, nipunguze uzito. Andika, nitie sahihi."

Kwa sahihi hiyo angefungwa, na karakana ingepigwa kufuli. Bosi alimshukuru Mungu kwa mtuhumiwa mwenye adabu.

Ila Ijumaa ile fundi alikuwa msibani, mji wa pili, akimzika mjomba wake. Aliondoka alfajiri akarudi magharibi. Msiba mzima ulimwona ameshika sepetu. Sasa koti lake lilivaliwa na nani?

---

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Kila chombo kilining'inia ukutani juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa chaki, hata kipofu angejua kipi hakipo. Nyuma ya pazia, chumba cha pili, cherehani ilikuwa ikikimbia, ikipumzika, ikikimbia. Mke wa fundi alikuwa mshonaji.

Fundi alisimama. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba kama spoki zake.

"Karibu, afande. Pingu umekuja nazo, au nikutengenezee nyepesi?"

"Nimekuja shule," alisema Inspekta, akavuta kigoda. "Nifundishe baiskeli."

"Leo? Siku ya kufungwa?"

"Leo. Nisije nikaulizwa mahakamani nikakuaibisha."

Fundi alimtazama, kisha akaigusa fremu tupu iliyofungwa kwenye stendi. Alipoanza kusema mabega yake yalishuka.

"Baiskeli ya kawaida ni fimbo, mama. Hii ina magoti. Mbele uma wenye shokapu, nyuma mkono unaopanda na kushuka, na shokapu yake katikati. Kwenye mawe, isiyo na magoti inakuvunja kiuno. Lakini magoti ni mzigo, na hizi ni mbio za kupanda milima. Kocha wa Swala akaja hapa akaniambia, nataka magoti mbele na nyuma, na isifike kilo kumi. Nikamwambia, kaka, wewe unataka ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa mbuzi."

"Ukakubali."

"Nikakubali. Ufundi ni maradhi."

Alimwonyesha kitabu, daftari gumu la jalada jeusi. Kila kipande kilikuwa na mstari wake: fremu ya kaboni, rimu, spoki moja moja, usukani alioukata sentimita mbili, matairi yasiyo na mipira ya ndani, yenye utomvu mweupe wa kuziba miba. Mbele ya kila jina, uzito. Mbele ya kila bolti, namba ya pili: nguvu ya kukazia.

"Hata rangi niliikwangua," alisema. "Gramu arobaini za urembo. Mtu anabeba urembo kupanda mlima?"

Mwandiko ulikuwa wa mviringo, safi, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

"Huu si mkono wako."

"Wa mke wangu. Mimi nina grisi hadi kwenye viwiko. Nasoma mzani, yeye anaandika. Miaka yote."

Nyuma ya pazia cherehani ilikimbia.

Inspekta aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho, wa Alhamisi. Elfu kumi na kumi na moja. "Gramu kumi na moja zimezidi. Ni kama nini hizo?"

"Vijiko viwili vya sukari." Fundi alicheka kidogo, pasipo furaha. "Nilishindwa kula kwa ajili ya vijiko viwili vya sukari."

"Hapakuwa na pa kupunguza?"

"Palikuwa pamebaki bawaba ya nyuma tu. Pale mkono unapojishika na fremu, mzigo wote wa mtu na mlima unapita kwenye bolti moja. Pale mimi naweka chuma cha pua." Akajikumbuka. "Nilikuwa naweka."

"Nionyeshe unavyokaza."

"Spana kubwa ya kipimo mliichukua. Nitatumia mdogo wake."

Alizungusha mpini wa spana ndogo hadi namba aliyoitaka, akakaza bolti ya kiti polepole, spana ikalia *tak*, akaacha papo hapo. Kutoka mfuko wa suruali, penye funguo, akatoa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akapiga kamstari kembamba: nusu juu ya bolti, nusu juu ya fremu.

"Bolti ikisogea, mstari unavunjika. Naona bila miwani."

"Kichupa hicho unatembea nacho?"

"Hata msibani nilikuwa nacho. Shangazi zangu walidhani nina kimada."

Kisha, kabla ya kuitundika spana, aliuzungusha mpini kurudi nyuma, taratibu, hadi sifuri.

"Mbona unairudisha?"

"Ndani mna springi. Ukiiacha imebanwa inachoka, kesho inakudanganya. Marehemu baba alinipiga kwenzi kwa kosa hilo, mara moja tu. Haikuhitajika ya pili."

Alipoinama kuitundika, Inspekta aliona vifungo vya koti lake la bluu. Vilikuwa vimeshonwa vizuri, na juu ya kila fundo la uzi palikuwa na tone dogo, gumu, kama utomvu uliokauka. Aliielewa mbinu hiyo mara moja: rangi ya kucha, uzi usifumuke. Rangi ya tone haikuwa nyekundu. Ilikuwa damu ya mzee.

Aliaga, akaenda kukaa ndani ya gari, akatoa picha ya bolti iliyokatika. Mtaalamu wa maabara aliandika "alama ya rangi nyekundu", na Inspekta hakumlaumu. Kwa wanaume wengi nyekundu ni nyekundu. Kwenye fremu kulikuwa na michirizi miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa chini ulikuwa mwekundu kama nyanya. Wa juu ulikuwa umekolea, damu ya mzee, na juu ya bolti palikuwa na huo tu.

---

Kocha alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mkubwa, amevaa suti ya michezo ya bluu. Inspekta aliitazama bluu hiyo kwa muda.

"Ufunguo wa karakana unao?"

"Ninao. Naweka rimu zangu pale. Kuna ubaya?"

"Kilo kumi lilikuwa sharti la nani?"

"Langu." Alisugua magoti. "Afande, waendeshaji wote wakubwa..."

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Porini, na timu nzima, tunakagua njia. Saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Walinzi wa geti wana daftari, nimetia sahihi kuingia na kutoka. Unafikiri nilibadilisha bolti mimi?"

"Nafikiri polepole. Usiniharakishe."

Kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi, sauti ya msichana ilisikika. "Kocha hawezi, afande. Huyo hata pancha hajui kuziba. Kazi yake kelele."

"Swala, nyamaza, uko mgonjwa."

"Si ndiyo kelele zenyewe hizo?"

Inspekta aliingia. Swala alikuwa amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba na uzito unaoning'inia. Uso ulikuwa na michubuko, lakini macho yalikuwa macho ya mtu anayeshindana.

"Nasikia fundi amesema ni yeye," alisema. "Si kweli. Yule aliwahi kunirudisha nyumbani bila baiskeli kwa sababu tairi moja limemkonyeza."

"Jumamosi alipokukabidhi, aliipima?"

"Aliipima, mimi nikiwa pale. Hakugusa spana wala nini, alijaza upepo tu, akaitundika kwenye mzani. Elfu tisa mia tisa tisini na nne! Nikaruka. Naye akacheka, halafu..." Swala alifikiri. "Halafu kicheko kikakatika. Kama mtu aliyesikia kitu nje. Akautazama mzani tena. Akasema, haya mwanangu, nenda. Hakunitania hata kidogo, nikaona ajabu."

Inspekta alipiga hesabu pembeni ya ukurasa. Elfu kumi na kumi na moja, toa elfu tisa mia tisa tisini na nne. Kumi na saba. Alifunua ukurasa wa kitabu alioupiga picha. Bolti ya pua, bawaba ya nyuma: gramu ishirini na sita. Vipande viwili vya bolti laini maabara ilivipima kwa jumla: tisa.

"Daktari anasemaje?" aliuliza, akifunga daftari.

"Nitatembea."

"Na baiskeli?"

Swala aligeuza uso ukutani. "Hilo hajajibu."

---

Ilikuwa saa tisa kasoro alasiri aliporudi karakana. Ilibaki saa moja na dakika chache. Cherehani ilikuwa bado inakimbia nyuma ya pazia. Safari hii Inspekta alifungua mfuko wa ushahidi, akamkabidhi fundi spana kubwa. Alama za vidole zilikuwa zimeshatafutwa. Mafuta yalikuwa yameziharibu zote.

"Jambo la mwisho kabla sijapeleka maelezo yako. Nionyeshe ulivyoikaza ile bolti nyeupe ya alumini."

Fundi aliipokea, na kama ilivyo desturi yake aliitazama namba kwanza. Paji la uso likakunjamana.

"Nani kaiacha kumi na tano?"

Neno lilikwisha toka. Alilisikia mwenyewe, na mkono wake ukaanza kuteremka na spana yake.

"Ndivyo tulivyoikuta ukutani," alisema Inspekta.

"Siku hizi nasahau. Uzee."

"Ulisahau kwenzi la marehemu baba?"

Fundi aliishusha spana juu ya meza.

"Alumini laini ungeikaza ngapi?"

"Sita. Saba ikizidi. Zaidi ya hapo inavutika shingo kama mpira."

"Maabara imeandika hivyohivyo. Shingo imevutika. Aliyeikaza hakujua alumini, ila alijua kusoma. Alifungua kitabu, akaona kumi na tano, namba ya pua, akaifuata kama sala. Akakaza mpaka ikalia. Hata mstari akaupiga, akakosa rangi yako kwa sababu ilikuwa mfukoni mwako, makaburini. Akatumia nyingine." Alinyoosha kidole, hakugusa. "Hivyo vifungo vya koti lako, fundi, unashonewa na nani?"

"Nimeshakiri, afande. Jana. Si umeandika? Chukua ulichoandika, uende."

Nyuma ya pazia cherehani ilisimama katikati ya mshono.

Pazia likasogea. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mtandio kichwani, kastabini bado kidoleni. Hakumtazama Inspekta.

"Ulikiri nini jana? Si uliniambia umekwenda kujibu maswali?"

"Rudi ukashone, mama."

"Nakuuliza, baba. Ulisema ni wewe?"

Fundi aliinamia meza, akaushika tena mpini wa spana.

Mkewe alirudi ndani. Walisikia droo ya cherehani ikivutwa, vibobini vikigongana. Alipotokea tena aliweka bolti juu ya meza, nyeusi, nzito, na nusu ya mstari mwekundu kichwani. Inspekta aliichukua kwa leso, akaiweka kwenye mizani ndogo ya mezani. Ishirini na sita.

"Alhamisi aliisukuma sahani ya chakula," mkewe alisema. Sasa alikuwa anamwambia Inspekta, lakini macho yalikuwa kwa mumewe. "Akasema, ile nyeupe ingemaliza kazi. Nilishaiona kwenye kikopo, nzuri, inang'aa, ameikereza mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu anajinyima tu. Mwaka mzima anawatengenezea watu, siku ya furaha yake anaogopa kipande chake mwenyewe. Nikasema akirudi msibani akute kitu cha kumchekesha. Nikavaa koti lake na kofia yake, nisichafue nguo wala jirani asinijue. Dada, sikuruka hata hatua moja. Kila ninachomwona akifanya nilifanya."

"Ile ilikuwa ya kupimia tundu," fundi alisema, polepole. "Niliikereza kwa kipande cha mabaki, nijue urefu kabla sijakata pua. Hata kwenye kitabu haimo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi, nawe ulikuwa umenuna na vijiko viwili vya sukari?" Sauti yake ilipanda, ikashuka. "Tangu Jumamosi nashona gauni moja. Nashona, nafumua. Nikajiambia labda ni jiwe. Labda ni mlima."

Inspekta aliandika uzito wa bolti kwenye daftari. Kisha akamgeukia fundi.

"Na wewe. Jumamosi ulisoma mzani."

"Nilisoma."

"Gramu kumi na saba zimepotea kati ya Alhamisi na Jumamosi, na wewe ni mtu unayehesabu rangi. Ulidhani zimekwenda wapi?"

Fundi aliitazama bolti kwenye mizani. "Ningekwambia nilidhani ni vumbi limefutwa. Ningekwambia matairi yamekauka. Lakini sikudhani kitu, afande. Nilijizuia kudhani. Mzani ulinipa nilichokitaka, na mtoto anaruka pale, na mimi..." Alifuta mikono kwenye koti, ingawa haikuwa na kitu. "Ningepitisha jicho kwenye mistari yangu, dakika mbili tu, ningeiona ile rangi. Ndiyo maana nikasema ni mimi. Sikudanganya yote."

Inspekta alitoa maelezo yaliyotiwa sahihi Jumatatu, akayakunja mara mbili, akayaweka chini kabisa ya mkoba. Kisha akatoa karatasi mbili safi.

"Hayo hayaendi," alisema. "Bosi atanuna, ataachilia. Saa kumi nitapeleka yaliyotokea, kila mtu na lake. Mmoja alibadilisha kwa kutojua. Mmoja aliona akafumba. Mwendesha mashtaka atapima, mimi sina mizani hiyo."

Kidole gumba cha fundi kilikuwa kimeshika mpini wa spana kubwa, na bila kujua kilianza kuuzungusha, kuurudisha nyuma.

"Iache hapohapo kumi na tano," alisema Inspekta. "Huo ni ushahidi."

Kidole kikasimama.

"Mtoto atatembea?" mkewe aliuliza.

"Atatembea. Baiskeli, Mungu ndiye ajuaye."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa kama aliyepewa kipimo cha nguo, akiweke akilini. Aliichomoa kastabini kidoleni, akaiweka juu ya kitabu cheusi. Alimsogelea mumewe, akamfunga kifungo cha juu cha koti kilichokuwa wazi, akakibonyeza kuona kama kimeshika. Halafu akajitanda vizuri, akapita katikati yao, akatoka kuelekea kwenye gari la Inspekta.